Uzi: Matairi ya foo-wili ya kutia na kutoa – mawili mapya na mawili yaliyolika, yanafaa pamoja?

#1 MwanaMambrui

Salaam alaykum wakuu. Naomba ushauri wa wanaojua kazi hii.

Gari ni Hilux dabo kebini, foo-wili yake (kuendeshwa na magurudumu yote manne) ni ile ya kutia na kutoa, yaani ina 2H (nguvu kwa magurudumu mawili), 4H (kwa yote manne) na 4L (yote manne, gia nzito ya polepole). Matairi ni 265/65R17. Ya nyuma yamefika kwenye zile alama za kiwanda za kuonyesha tairi limekwisha, ya mbele yamebaki na meno ya milimita 4 hivi, na yamelika sawasawa. Pesa iliyopo ni ya matairi mawili. Dukani wanasema nichukue mawili yoyote, bora saizi iwe ileile.

Kazi za gari: lami ya mjini Malindi, mchanga wa Mambrui hadi Ngomeni, na changarawe ya kwenda Marafa. Mapya niyafunge mbele au nyuma? Na je, 4H itadhurika?

#2 FundiSabaki

Wa alaykum salaam. Huyo wa dukani amekupa nusu ya jibu. Kinachotakiwa kulingana kwenye gari lako ni mzingo, yaani umbali ambao tairi linatembea likizunguka mara moja. Maandishi ya ubavuni yanakusogeza tu karibu na huo mzingo.

Sababu iko ndani ya transfa kesi, lile sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma. Ukiwa 2H, nguvu inakwenda nyuma peke yake, ya mbele yanaburutwa tu. Ukitia 4H, shafti ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja, lazima zizunguke sawa. Hapo katikati hakuna difu, yaani gia za kugawa mzunguko, ya kuachia moja iende mbio kuliko nyingine. Tairi la nyuma likiwa kubwa kuliko la mbele, kila mzunguko la nyuma linataka kwenda mbali zaidi na la mbele linalizuia. Kwenye mchanga tairi huteleza kidogo, mambo yakaisha. Kwenye lami halipati pa kutelezea, kwa hivyo ule mvutano unajirundika kwenye shafti, krosi (viungo vya shafti) na gia, mpaka tairi liruke kidogo au kitu kivunjike.

Hesabu ya saizi yako: 265 ni upana kwa milimita, na 65 ni asilimia ya upana huo. 265 mara 0.65 ni 172.25, huo ndio ubavu. Mara mbili ni 344.5. Ongeza rimu ya inchi 17, ambayo ni milimita 431.8. Kipenyo kinakuwa 776.3, mzingo kama 2,439. Kwa kilomita moja tairi linazunguka mara 410.

Sasa tuseme tairi jipya lina meno ya milimita 10, na la mbele lako lina 4. Tofauti ni 6 kila upande, kipenyo kinapungua 12, mzingo unapungua karibu 38. Hiyo ni asilimia 1.5. Kwa kila kilomita ya mbele yatataka kuzunguka mara 6 na zaidi kuliko ya nyuma, na kama difu ni ya 4.1 (shafti inazunguka mara 4.1 kwa kila mzunguko wa gurudumu), hiyo ni mizunguko zaidi ya 25 ya shafti isiyo na pa kwenda. Kwa kweli huwa chini kidogo ya hapo, kwa sababu mkanda wa waya ndani ya tairi la redio (radial, lile lenye R kwenye saizi) haufupiki meno yakilika. Lakini hauondoi tatizo.

Mpaka ninaoshika ni asilimia 1 kati ya mbele na nyuma. Kwa saizi yako hiyo ni milimita 24 za mzingo, karibu milimita 4 za meno. Kaa ndani ya 3 uwe na nafasi. Kitabu cha gari lako kikisema pungufu ya hapo, fuata kitabu.

#3 DerevaGalana

Fundi, kwa heshima, naona unamtisha bure. Pikapu ngapi hapa zina tairi nne za aina nne na zinakwenda Sala geti na kurudi?

#4 FundiSabaki

DerevaGalana, zinakwenda kwa sababu ziko 2H. Ukiwa 2H, tofauti ya mbele na nyuma haigusi transfa kesi hata kidogo. Tatizo linaanza mtu akitia 4H kwenye changarawe ngumu iliyoshindiliwa, kisha akasahau kutoa akifika lami.

Ila hata 2H kuna jambo moja: kushoto na kulia kwa ekseli ya nyuma lazima yawe sawa. Yakitofautiana, zile gia ndogo za ndani ya difu, ambazo kazi yake ni kuzunguka ukikata kona, zinazunguka safari nzima. Na kama difu yako ni ile yenye sahani za kubana ili kuzuia gurudumu moja lisizunguke bure, sahani zinasuguana muda wote, mafuta yanaungua, na kona za polepole zinaanza kutoa mlio wa kukoroma. Kwa hivyo kwanza linganisha kushoto na kulia, halafu ndio mbele na nyuma.

#5 BintiShela

Shukran fundi. Kaka MwanaMambrui atajuaje mzingo wa kweli bila mashine? Kupitisha futi juu ya tairi nimeona kila mtu anapata jibu lake.

#6 FundiSabaki

Dada, futi ya kushonea juu ya meno inadanganya kwa sababu tairi likibeba gari halizunguki kwa kipenyo chake kamili. Linakaa bapa pale chini. Pima likiwa limebeba mzigo wake, likitembea. Njia ninayoiamini ni hii:

Tafuta sehemu tambarare iliyonyooka, mita 30 hivi, saruji au kabro. Matairi yawe baridi, upepo ujazwe kama ilivyoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Weka 2H. Kama gari lina habu za kufunga kwa mkono (zile za katikati ya magurudumu ya mbele zinazoyaunganisha na ekseli), ziwe wazi. Sogeza gari mpaka usukani unyooke, kisha piga alama ya chaki kwenye ubavu wa kila tairi, chini kabisa, pale linapogusa ardhi. Alama nne, kila moja iangalie chini.

Sasa mtu aendeshe taratibu mbele bila kugeuza usukani, mwingine ahesabu mizunguko ya tairi moja la mbele. Alama yake ikirudi chini mara ya 10, simama. Umetembea mita 24 hivi. Nenda kaangalie alama za nyuma.

Zikiwa chini kabisa, matairi ni sawa. Zikiwa zimepita au hazijafika, hiyo ndiyo tofauti. Baada ya mizunguko 10, kila asilimia 1 ni sehemu moja ya kumi ya duara. Na kipimo cha sehemu hizo kiko palepale kwenye rimu: Hilux ina nati 6, kwa hivyo kutoka nati hadi nati ni sehemu moja ya sita ya duara. Alama ikikosa kwa nusu ya nafasi kati ya nati mbili, tofauti ni asilimia 0.8, unaweza kuishi nayo. Ikikosa kwa nafasi nzima ya nati, hiyo ni 1.7, usitie 4H pahala pagumu.

Gari lenye nati 5, kama Jimny, nusu ya nafasi ndiyo asilimia 1 kamili.

Linganisha pia kushoto na kulia kwa mara hiyohiyo. Ukitaka uhakika, rudia kwa mizunguko 20 na ugawe kwa mbili.

#7 DerevaGalana

Hii ya nati sijawahi kuiona imeandikwa popote. Nimekubali.

#8 Mokowe79

Nawasalimu kutoka upande wa Lamu. Naongeza kuhusu Land Cruiser pikapu, maana huku Mokowe, Hindi na Mpeketoni ndizo zinazobeba kila kitu.

Tabia iliyoenea ni kufunga 7.50R16 nyuma kwa ajili ya mzigo na 235/85R16 mbele kwa sababu zilipatikana. Kwenye karatasi ni ndugu: 235/85R16 ina kipenyo cha milimita 806, na 7.50R16 nyingi ziko jirani na hapo. Lakini 7.50 haina namba ya ubavu, kila kiwanda kina kipimo chake, na meno ya tairi la mzigo yana kina tofauti na ya tairi la kawaida. Fanya hicho kipimo cha chaki kabla ya kuamini. Pima gari likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo wake wa kila siku.

La pili, angalieni herufi R. 7.50R16 ni redio. 7.50-16 yenye kistari ni ile ya nyuzi za kupishana, tairi la zamani gumu. Hizi mbili zinanyumbuka tofauti, zinashika barabara tofauti na mzingo wake chini ya mzigo ni tofauti. Kuzichanganya kwenye ekseli moja ni hatari hata kwa gari la kawaida. Mbele aina moja na nyuma aina nyingine kwenye foo-wili, mimi sitii saini.

#9 BintiShela

Mimi nina la Jimny ile ya umbo la zamani, 205/70R15. Fundi mmoja anashauri nyuma niweke 215/75R15 gari liinuke kwa mchanga, mbele zibaki. Hoja yake ni kwamba ukiwa kwenye mchanga tairi linateleza, haina neno.

#10 FundiSabaki

Usikubali dada. 205/70R15 ina kipenyo cha milimita 668. 215/75R15 ina 703.5. Hiyo ni asilimia 5.3. Mchanga unasamehe tofauti ya meno, hausamehi ya saizi mbili. Kwa mizunguko 10 utakuta alama imekosa nusu duara nzima. Kwenye mchanga mkavu ya mbele yatakuwa yanavutwa na kusukumwa wakati mmoja, yatachimba, na injini ndogo ile itapoteza nguvu kupigana na tairi zake yenyewe. Ukitaka kuinua gari, badilisha zote nne pamoja na spea, na uangalie kama hazigusi matao ukikata usukani mpaka mwisho.

Wala 195/80R15 za Jimny mpya usizichanganye na zako. Zina 693, tofauti ni 3.7.

#11 BintiShela

Nimeelewa, ahsante sana. Na mvua je? Masika lami ya kwenda Watamu huwa maji matupu. Si hapo tairi linateleza, nitie 4H?

#12 Mokowe79

Bi, lami yenye maji bado inashika kuliko mchanga. Gari la kutia na kutoa hata likiwa na matairi manne mapya ya kiwanda kimoja halitakiwi kuwa 4H kwenye lami, kwa sababu ukikata kona magurudumu ya mbele yanapita duara kubwa kuliko ya nyuma. Mvutano ule ule unaingia. Kwa maji kinachokusaidia ni kina cha meno, upepo sahihi na kupunguza mwendo.

4H iwekwe kwa mchanga laini, tope, na udongo mweusi wa delta ya Tana ukilowa. Ukitoka tu, toa.

#13 MwanaMambrui

Wakuu, je, ikikataa kutoka? Kuna mahali rafiki ilimkwama na levya haiendi kabisa.

#14 FundiSabaki

Hiyo ndiyo dalili kuu ya ule mvutano. Usivute levya kwa nguvu, utapinda uma wa ndani na hapo transfa kesi inafunguliwa. Simama, nyoosha usukani, tia rivasi, rudi nyuma mita 5 hadi 10 kwa mstari ulionyooka, kisha jaribu kutoa ukiwa bado unatembea taratibu. Ikikataa, ingiza tairi za upande mmoja kwenye mchanga wa kando ya barabara uendelee kidogo, zitateleza na kufunguka. Kwa zile za kuzungusha kitufe, taa ikiendelea kumeta maana yake bado imefungwa. Endelea vivyo hivyo mpaka itulie.

Usiipige jeki ikiwa na mvutano mwingi. Gurudumu likiachia ardhi linaweza kuzunguka ghafla na kumpiga aliye karibu.

Dalili nyingine kabla hujafika huko: usukani kuwa mzito na kurudi wenyewe, gari kujizuia kama breki imeshikwa, mlio wa tairi kwenye kona ya polepole, na mgongo wa gari kuruka kidogo.

#15 DerevaGalana

Naongeza jambo ambalo watu wengi hawalifikirii: difu yenyewe. Hapa pwani mafundi huchukua difu nzima ya mtumba ya eksi Japani ikaingizwa kwenye pikapu, rimu zinaingia, breki zinaingia, kila mtu ana furaha. Lakini kama nyuma umewekewa 3.9 na mbele umebakiwa na 4.1, umejitengenezea tofauti ya asilimia 5 na matairi yako ni sawa kabisa. Chaki ya FundiSabaki haitaiona, kwa sababu chaki inapima tairi peke yake.

Kuikagua: zuia tairi za mbele kwa mawe mbele na nyuma, gia nyutro, hendibreki chini, 2H. Inua gurudumu MOJA la nyuma kwa jeki na uweke stendi. Lile jingine libaki chini. Piga chaki kwenye shafti na kwenye tairi lililo juu. Zungusha tairi mara 20 huku mwenzako akihesabu mizunguko ya shafti. Kwa difu ya kawaida gawa hesabu hiyo kwa 10, si 20, kwa sababu gurudumu la pili limesimama na shafti inazunguka nusu tu: ukipata 41, ni 4.1. Ukipata 39, ni 3.9. Kisha fanya mbele vivyo hivyo, safari hii tairi za nyuma ndizo zizuiwe, na habu za mbele ziwe zimefungwa. Nambari mbili lazima ziwe sawa.

#16 FundiSabaki

Ahsante DerevaGalana, hilo ni la maana sana. Gari likikwama 4H kila mara na matairi ni mapya, difu ndiyo ya kwanza kukaguliwa.

Sasa nirudi kwa MwanaMambrui na swali lake la kwanza, mbele au nyuma.

Kuna mambo mawili yanavutana. Ukiwa 4H kwenye kona, ya mbele yanataka kuzunguka zaidi. Ya mbele yakiwa ndiyo yaliyolika, ni madogo, yanataka zaidi ya hapo. Kwa hivyo kwa 4H peke yake, mapya yangekaa mbele. Lakini kilomita nyingi zako ni 2H kwenye lami, na lami ikilowa tairi za nyuma zilizolika ndizo zinazofanya mkia wa gari ukutoke. Pikapu tupu nyuma ni nyepesi, ndiyo mbaya zaidi. Mimi ningefunga mapya nyuma bila kusita, na 4H ningeiweka mchangani na topeni tu. Changarawe ngumu ya Marafa iende 2H, uitie pale panapolegea.

Unapochagua, chukua mawili ya kiwanda kimoja, mchoro mmoja, na uandike jina kamili la mchoro huo kwenye karatasi. Saizi ikiwa ileile, tairi la barabara na tairi la mchanganyiko (la lami na changarawe) hayalingani: la barabara mara nyingi linakuja na meno ya milimita 8 au 9, la mchanganyiko 10 hadi 12, na la tope huzidi hapo. Kwako wewe, tairi jipya lenye meno mafupi linakusaidia, kwa sababu tofauti na ya mbele inapungua.

Halafu usingoje ya mbele yafike kwenye alama. Ya nyuma yakishuka kutoka 10 hadi 7, nunua mawili mengine ya mchoro uleule uyafunge mbele. Tofauti itakuwa milimita 3, sawa na asilimia 0.8, na kuanzia hapo zungusha kila kilomita 8,000 hadi 10,000 ili zilingane.

#17 Mokowe79

Kuzungusha kwa tairi tano ni hivi, kwa gari la kusukumwa nyuma: nyuma kulia iende mbele kulia, nyuma kushoto iende mbele kushoto, mbele kulia ikatize iende nyuma kushoto, spea iende nyuma kulia, na mbele kushoto iwe spea. Yenye mshale wa mwelekeo ubavuni haikatizi upande, isipokuwa itolewe kwenye rimu na kugeuzwa.

Na upepo. Mkishusha kwa ajili ya mchanga, shusheni zote nne. Watu hushusha za nyuma mpaka psi 18 wakaacha mbele 30, kisha wanashangaa gari linasukuma pua badala ya kukata kona. Mkirudi lami jazeni kabla ya kushika mwendo, tairi laini kwenye lami ya joto inachemka ubavuni.

#18 MwanaMambrui

Allah awalipe heri. Moja la mwisho: spea yangu haijawahi kugusa ardhi, ni ya saizi ileile lakini mchoro mwingine. Nikipata pancha nyuma?

#19 FundiSabaki

Ifunge nyuma kwa muda, maana meno yake ni mapya na yako karibu na ya lile jipya lililobaki. Usipeleke nyuma tairi la mbele lililolika, litatofautiana zaidi na hilo jipya. Hata hivyo mchoro ni mwingine na huenda spea isilingane kamili, basi kama una gereji karibu, ziba pancha na urudishe jipya mahali pake siku hiyohiyo. Pancha ikiwa mbele, ifunge mbele; huko tofauti haisumbui ukiwa 2H. Ukilazimika kutia 4H kwenye mchanga, difu ya mbele inagawa tofauti ya magurudumu mawili kwa nusu, kwa hivyo tairi moja lililozidi kwa asilimia 1.5 linakuwa 0.75 kwa ekseli nzima. Kama habu zako ni za mkono, ziache wazi mpaka ufike mchangani.

Lakini kwanza isome umri wake. Ubavuni kuna herufi DOT, mwishoni mwake namba nne: mbili za wiki na mbili za mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Spea inayoning'inia chini ya pikapu hapa kwetu inakula joto, vumbi na chumvi, na mpira unapasuka kabla ya meno kwisha. Ikunje kwa kidole katikati ya michirizi. Ukiona nyufa ndogo chini ya meno, iweke ya kukufikisha gereji tu, si ya safari. Na ukishafunga gurudumu lolote, kaza nati tena baada ya kilomita 50.

#20 MwanaMambrui

Sawa fundi. Kesho asubuhi napiga chaki, nitaweka picha za alama hapa kabla sijaenda dukani.